Posa ya Salma na Kanda ya Fuvu

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Mize,

Shikamoo dada, na shikamoo hii ipokee mara mbili, moja ya leo na moja ya muda wote niliokaa kimya. Goti linasemaje? Msafiri wa mwisho aliyetoka Wete aliniambia umeanza kutembea bila kushika ukuta. Nikamshukuru Mungu, halafu nikakasirika, maana nakujua, ukipata nafuu kidogo tu utakwenda shambani kuchuma karafuu na vijana. Usipande mkarafuu, dada. Nakuomba kwa haki ya mama. Na watoto je, wanaendelea na chuo cha Kurani? Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa akili tumebaki mimi na Salma, na Salma mwenyewe nina wasiwasi naye.

Usidhani nilikusahau. Barua hii nimeianza si mara moja, na kila nikifika mahali pa kueleza kwa nini posa ya Salma imekwama, naichana. Nilijua ukiisoma utasema Raya karogwa na Wabondei. Leo naiandika mpaka mwisho, uamini usiamini.

Unamjua shemeji yako Mwinjuma. Hanywi, hapigi, swala haimpiti. Wanawake wenzangu wa mtaani wananionea wivu, nami huwaambia njooni basi mkae kwenye baraza yangu kuanzia Alasiri mpaka Magharibi, halafu mniambie. Maradhi ya mume wangu ni muziki. Ingekuwa taarabu ningeshukuru. Ingekuwa dansi ningevumilia. Ni ule muziki wa Wazungu wenye nywele ndefu, magitaa yanakwaruza na ngoma zinapigwa kama zimeiba. Wenyewe wanauita muziki mzito, na ukiwauliza uzito wake uko wapi wanakutazama kwa huruma.

Ulianza ile miaka ya shida, wakati tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mwinjuma yuko kwenye winchi bandarini, na baharia wa meli iliyokuja kupakia mkonge akampa sahani ya santuri kwa madafu machache na kikoi. Kikoi chenyewe ulikileta weye, dada, sikukwambia. Juu ya jalada palikuwa na mtu kashika nyundo. Jina la kundi ni refu na hakuna aliyeweza kulitamka, basi Mwinjuma na wenzake wakawabatiza Wahunzi, na albamu ile wakaiita Nyundo.

Mwaka uliofuata akaja baharia mwingine na sahani ya pili ya hao hao Wahunzi. Hii jalada lake lilikuwa na fuvu la mtu limeng'ata ua. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipoliona alilifunika kwa upande wa kanga na kufukiza ubani nyumba nzima. Baharia hakuitoa, aliiazima tu, na meli yake ilikuwa inang'oa nanga jioni ile ile. Mwinjuma akakimbia nayo kwa Bwana Amirali, yule Mhindi jirani yetu wa karibu na msikiti, mwenye duka la vitambaa, ambaye kwenye kona ya duka ana vyombo vya kurekodi kanda. Wakairekodi haraka haraka, sahani ikarudi melini, ikabaki kanda. Kanda hiyo ndiyo Fuvu. Na kila Fuvu iliyopo Tanga hii, ya Mabawa, ya Ngamiani, hata ya huko Muheza, ni mtoto au mjukuu wa kanda ile moja.

Sasa sikiliza balaa. Nyundo ina kasi. Fuvu ni ya polepole, na mwimbaji yule yule sauti imemshuka, utasema anaimbia ndani ya kisima. Basi wapenzi wa Wahunzi wakagawanyika. Wako wa Nyundo na wako wa Fuvu, na mkuu wa Fuvu ni mume wangu, na bunge lao ni baraza yangu, na kahawa wanayokunywa naipika mimi.

"Nyundo ni ujana," Mwinjuma huwaambia. "Mtu akishakuwa mtu mzima haendi mbio. Fuvu ikipigwa, tazameni mlivyotulia."

"Hatujatulia, tumelala," hujibu fundi viatu wa pale kona, na hapo ndipo vikombe vinapoanza kugongwa chini.

Kiingereza hawakijui, dada. Hayo ndiyo yanayonikera zaidi. Kuna wimbo mmoja ambao Mwinjuma anaapa unahusu wanawake waliofiwa na waume zao migodini. Fundi viatu anaapa unahusu mbwa. Watu wazima wenye wajukuu wamenuniana wiki nzima kwa ajili ya mbwa ambaye huenda hayumo. Na zamani zile za foleni, Mwinjuma aliwahi kuiacha nafasi yetu kwenye foleni ya sukari, nafasi niliyoishikia tangu alfajiri, akamfuata mtu aliyepita akisema mpiga ngoma wa Fuvu amechoka. Aliporudi sukari imekwisha. Tulikunywa uji wa chumvi, naye huku anakunywa ananieleza alivyomshinda yule mtu.

Niliyavumilia hayo yote. Mume kuwa barazani kwake na makelele yake ni bora kuliko kutojua yuko wapi. Lakini sasa yameingia kwenye ndoa ya mwanangu, na hapo nimekataa.

Salma ameposwa. Kijana anaitwa Nassor, mtoto wa Mabawa, karani wa mizigo pale stesheni. Baba yake alifariki zamani, amelelewa na baba yake mdogo, Mzee Kibwana, mtu mpole sana. Nassor ana adabu, ana kazi, na anaposalimia anainama. Kasoro yake moja ni kwamba naye ni mgonjwa wa Wahunzi. Ndivyo alivyomwona Salma, alikuwa anakuja barazani kubishana. Na kwa bahati yetu mbaya yeye ni wa Nyundo. Siku moja, kabla ya kuleta posa, alisema mbele ya watu wote kwamba mwimbaji wa Fuvu anaimba kama mtu aliyeamshwa kula daku. Baraza zima likacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa jikoni, maana ndivyo hasa anavyoimba. Mwinjuma hakucheka.

Basi Mzee Kibwana akaja na jirani yake kuleta posa. Mimi na Salma tuko nyuma ya pazia, tumeshikana mikono. Yakasemwa yote ya kheri, wakasifiana, wakaulizana koo. Halafu Mwinjuma akakohoa.

"Kijana wenu simkatai kwa dini wala kwa tabia," akasema. "Lakini alikaa barazani kwangu, mbele za watu, akasema maneno mabaya juu ya Fuvu."

Mzee Kibwana akamtazama mwenzake, mwenzake akainamisha kichwa.

"Innalillahi," Mzee Kibwana akasema kwa sauti ya chini. "Hatukuwa na habari kwamba mna msiba. Kama mtoto amemtaja marehemu kwa ubaya, sisi wazee wake tunaomba radhi."

Salma aliing'ata kanga asicheke, kisha nikaona anatetemeka kwa kulia. Mwinjuma alipowaeleza wale wazee kwamba Fuvu ni kanda ya muziki, Mzee Kibwana alivaa viatu vyake taratibu, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Hakujibiwa ndiyo wala hapana.

Nilimwambia Mwinjuma maneno ambayo sitayaandika. Akanijibu, "Mama Salma, mtu asiyejua kusikiliza hawezi kuishi na mwanangu." Nikamuuliza, weye mwenyewe umenisikiliza lini? Akatoka kwenda msikitini.

Na wakati si wetu, dada. Nassor amepewa uhamisho wa Tabora, anatakiwa aondoke mara baada ya Maulidi. Akiondoka bila ndoa, wazee wake watamtafutia mke wa huko huko, na nani atawalaumu? Salma amekwisha niambia kwa utaratibu kabisa kwamba hataki mwingine. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mama, miye nibaki nyumbani kwa sababu ya gitaa?" Ndiyo ilikuwa hivyo hasa.

Sasa Mungu naye ana njia zake. Si unajua siku hizi maduka yamejaa? Yale mambo ya kutafuta dawa ya meno kwa kujuana yamekwisha, kila mwenye ndugu Dubai analeta anachotaka. Mpwa wake Bwana Amirali akarudi kutoka huko na mzigo, na ndani ya mzigo mna kanda za Wazungu, za kiwandani, zimefungwa nailoni. Bwana Amirali akachambua, akaona fuvu limeng'ata ua. Siku hiyo baada ya Alasiri akafunga duka akaja kwetu kwa miguu, yeye ambaye hana kawaida ya kukaa mabarazani.

"Mwinjuma," akasema, "nimekuletea Fuvu ya kwao wenyewe. Leo utasikia usafi."

Walikuwepo wote, hata Nassor, ambaye baada ya posa kukwama alikuwa anakuja na kukaa mwisho wa mkeka bila kusema neno. Kanda ikatiwa. Mimi nikasogea dirishani na kibao changu cha mbuzi, nakuna nazi.

Dada, ilitoka mbio! Gitaa linakwenda kasi kuliko hata Nyundo, na mwimbaji sauti nyembamba, ya kijana kabisa.

"Hii siyo," Mwinjuma akasema.

"Ndiyo hii," akasema Bwana Amirali. "Maneno si yale yale?"

"Basi redio hii mbovu."

Wakaleta redio ya fundi viatu. Mbio vile vile. Wakatuma kwa jirani, ikaletwa redio ya tatu, na ile haikuwasaidia. Wakatia Nyundo, kanda iliyorekodiwa kutoka ile sahani ya kwanza, kwenye redio hizo hizo, ikapiga kama siku zote. Nikaacha kukuna nazi. Bwana Amirali alikuwa ameshika paji la uso, anafikiri, kisha akaanza kucheka peke yake mpaka akashika nguzo.

"Mwinjuma, ndugu yangu," akasema, "unaikumbuka siku ile? Umeme haukuwepo mji mzima. Kinasa sauti nilikuwa nacho, kina betri mpya za akiba. Gramafoni haikuwa na betri hata moja, na Tanga nzima hakuna dukani. Nani alikimbia nyumbani akarudi na betri kwenye kofia?"

Mwinjuma akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Zilikuwa za moto," Bwana Amirali akasema. "Nilizishika nikakuuliza, mbona za moto? Ukasema zimetoka juani."

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya zama zile, betri za redio zikichoka unaziweka juu ya bati, zinakula jua kutwa, jioni zinakupa taarifa ya habari na salamu kidogo halafu zinazimika tena? Mwinjuma alichukua betri za namna hiyo, zilizokwisha kufa zikafufuliwa, akaendeshea gramafoni. Sahani ikawa inazunguka kivivu, na kinasa sauti chenye betri mpya kinarekodi ule uvivu neno kwa neno. Utu uzima wote ule wa Fuvu, utulivu, uzito, ile sauti ya kisimani, ulikuwa uchovu wa betri za kuanikwa. Na mji mzima umebishana juu yake miaka na miaka.

Baraza iliangua kicheko ambacho sijapata kukisikia hata harusini. Fundi viatu alilala chini kabisa. Mwinjuma akainuka, akaingia ndani bila kuvaa viatu, akakaa kitandani akitazama ukuta. Nilimpelekea maji, hakunywa. Nilitaka kumcheka, dada, Mungu ananijua, nilikuwa na kicheko cha miaka yote hiyo kinaningojea kifuani. Lakini nilipomwona amekaa vile nikakosa nguvu.

Na hapo Nassor, maskini, akaona mlango umefunguka. Nikamsikia nje akisema kwa sauti kubwa, ili ifike chumbani, "Chekeni tu mnavyocheka. Miye naipenda ile ya betri. Wallahi ndiyo bora kuliko zote."

Na kutoka chumbani, kitandani, huku anatazama ukuta, mume wangu akasema, "Mwongo!"

Mimi nikajua kazi imeharibika. Mzee Kibwana hakujua. Nassor, kwa matumaini yake tu, alimweleza kwamba sasa wamepatana na baba mkwe juu ya marehemu, maana mpaka leo mzee anaiita kanda ile marehemu, basi akaja mara ya pili, kavaa kanzu ya kupigwa pasi. Mwinjuma akamwambia nini? "Kijana wenu hana msimamo. Mtu anayegeuka kwa kanda, kwa mke atashindwaje?"

Mzee Kibwana ni mpole lakini naye ana damu. "Bwana Mwinjuma," akasema, "aliposema baya mlimkataa. Aliposema zuri mmemkataa. Sisi tumechoka. Mara ya tatu hatuji." Akatoka, na safari hii hakuaga kwa heshima zote.

Siku ile nilifungasha nguo zangu, dada. Niliziweka kwenye kile kikapu cha ukili ulichonipa, nikakaa juu ya kitanda, nikasema narudi Pemba nikachume karafuu na dada yangu mwenye goti bovu. Salma akaingia akanikuta hivyo. Akazitoa nguo moja moja, akazikunja, akazirudisha kabatini. Akaniomba kitu kimoja tu, nimwite Nassor aje nyuma, mlango wa uani, na mimi niwepo.

Akaja, amekonda. Salma kasimama upande wake wa kizingiti, kijana upande wake, mimi katikati na ufagio mkononi nisionekane sina kazi.

"Ulisema kweli mara ya kwanza au mara ya pili?" Salma akamuuliza.

Nassor akanitazama mimi. Nikatazama ufagio.

"Ya kwanza," akasema.

"Basi nenda kaiseme. Baba haogopi mtu wa Nyundo. Ameishi nao maisha yake yote. Anaogopa mtu wa kumdanganya."

Nilimtazama mwanangu kama ninayemwona leo. Mimi nimeolewa na Mwinjuma miaka yote hii na jambo hilo sikulijua hivyo, yeye kalijua kwenye cherehani.

Siku iliyofuata Nassor akaja barazani, watu wamejaa. Hakukaa. Akasema, "Shikamoo mzee. Nilisema uongo juzi. Nilitaka kukufurahisha kwa sababu namtaka Salma. Kanda ile ni mbaya. Ilikuwa mbaya kabla hatujajua habari ya betri, na leo ni mbaya vile vile. Na hii mpya ya Dubai nayo mbaya. Wahunzi walikwisha kwenye Nyundo."

Hakuna aliyecheka. Mwinjuma akajisogeza kwenye mkeka, akapiga mahali palipo wazi kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Walikwishaje? Nieleze."

Wakabishana mpaka wakatoka jasho. Mwinjuma sasa ana madhehebu mapya. Anasema Fuvu ya betri ndiyo ya kweli, na kwamba Wazungu wenyewe hawakujua walichokitengeneza mpaka Tanga ikawasaidia. Fundi viatu amehamia Fuvu ya Dubai. Kwa hiyo zamani nilikuwa na makundi mawili kwenye baraza yangu, sasa ninayo matatu, na kahawa ni ile ile. Magharibi ilipoadhiniwa wakainuka, na Mwinjuma huku anatafuta viatu vyake akasema, kama mtu anayetaja habari ya mvua, "Waambie wazee wako waje." Hakuingia kuniambia mimi. Nimeyasikia dirishani, mimi mama mzazi, pamoja na majirani.

Na wazee wamekwisha apa hawaji! Nani aliyekwenda Mabawa kuwaangukia? Si yeye. Nilibeba sinia la vibibi vya nazi kwa shingo yangu hii, nikaenda kwa mke wa Mzee Kibwana, nikakaa jikoni kwake, nikaeleza mambo ya kanda na betri na jua, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyojisikia mwehu. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mume wake yeye ni wa mpira, na kuna timu moja haitajwi nyumbani mwao wakati wa kula. Tukaelewana papo hapo. Juzi Mzee Kibwana alikuja, akapokewa, posa ikajibiwa. Ndoa ni wiki moja kabla ya Maulidi, inshallah, ili wapate kusafiri pamoja.

Basi hivyo ndivyo nilivyoshinda. Wazee walipoondoka nikakusanya vikombe. Mwinjuma alikuwa amebaki peke yake ukumbini, ametia kanda yake ya betri, na ameiweka sauti ya chini, jambo ambalo sijapata kuliona. Nikakaa kupumzisha miguu.

"Raya," akasema. Dada, kwa kawaida huniita Mama Salma. "Hivi weye, tangu zamani zile, unaipenda ipi?"

Nilidhani ananitania. Nilimtazama nikaona anauliza kweli. Kanda hizo nimezisikia mimi kuliko wote, wao walizisikia wakipiga kelele juu yake, mimi nilizisikia nikiwa nimenyamaza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

"Sina ninayoipenda," nikamwambia. "Napenda upande ukifika mwisho, kabla hujaigeuza."

Akacheka. "Unapenda kimya."

"Si kimya. Hapo ndipo namsikia Salma uani. Kanda ikikatika katikati ya wimbo, yeye huumalizia kwa mdomo, huku anaosha vyombo. Kila siku. Hujamsikia?"

Akasema hajamsikia hata siku moja.

Tukakaa. Upande ukafika mwisho, kitufe kikaruka. Uani palikuwa na mlio wa sufuria na maji, halafu akaanza, bila maneno, na wala hakuwa mbioni. Aliuimba kwa mwendo ule ule wa betri zilizochoka, kwa sababu ndio wimbo alioujua tangu mdogo. Mwinjuma alinyoosha mkono kuigeuza kanda, akaurudisha mapajani. Nilitaka kumwambia, umeona ulivyonichosha, na ndoa umeiweka mwezi huu huu, na Tabora ni mbali. Lakini mimi ndiye niliyepigana iwe hivyo. Tukaendelea kusikiliza mpaka vyombo vikaisha.

Nisalimie mjomba Kombo mpima karafuu, mwambie nafasi ya mjomba kwenye nikaha ni yake na asitume mtu. Nisalimie wifi yangu mshona kofia, na bibi mkunga aliyetuzalisha sote, na mwalimu wa chuo cha watoto, na shemeji yangu mume wako, ambaye namshukuru Mungu anapenda kuvua pweza, kazi isiyo na kelele. Mwinjuma na Salma wanakusalimia, na Nassor anakuamkia.

Njoo mapema, dada, usingoje siku yenyewe. Na usiondoke na wageni wengine. Kaa nami siku chache baada ya wao kupanda treni, kwa sababu shemeji yako ataweka kanda yake kama kawaida, na sijui tutafanya nini, mimi na yeye, upande ukifika mwisho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Raya